Chakula Laini Chenye Ladha kwa Aliyepasuliwa Utumbo

Mtu aliyepasuliwa utumbo hurudi nyumbani na vidonda viwili. Cha kwanza kiko juu ya tumbo, na kila ajaye kumjulia hali hukiona. Nyuzi zake huhesabiwa, na siku zitolewapo jamaa husema kwamba bwana amepona. Cha pili kiko ndani, pale daktari mpasuaji alipoikata sehemu mbovu ya utumbo na kuziunganisha ncha mbili zilizobaki. Hicho hakionekani na mtu yeyote, wala hakifuati kalenda ya kile cha juu. Tena chakula chote cha mgonjwa, tangu uji wa alfajiri hadi tonge la mwisho la usiku, hupita juu yake. Ndiyo maana kwa muda wa majuma sita hivi baada ya mgonjwa kutoka hospitali, jiko la nyumbani huwa ni sehemu ya matibabu, na mpishi hushika kazi ambayo daktari hawezi kuja kumfanyia.

Njia zinazomfikisha mtu kwenye kisu cha mpasuaji ni nyingi. Wapo ambao utumbo wao umejisokota ukajifunga wenyewe. Wapo walionaswa na ngiri. Wapo waliokawia kutibiwa homa ya matumbo hadi ikatoboa utumbo, wapo wenye uvimbe, na wapo walioumia tumboni kwa ajali ya pikipiki au kwa risasi. Magonjwa ni mbalimbali, lakini wote wakisharudi nyumbani swali la mke, mama au dada huwa ni moja: mtu huyu ale nini?

Katika Kimihurura swali hilo lina uzito wake. Kilima hicho cha Kigali ndicho chenye Bunge la Rwanda na Wizara ya Ulinzi, na ni jirani wa Kacyiru yaliko makao makuu ya Polisi. Pia ni kilima cha mikahawa. Jioni ikiingia, moshi wa mishikaki ya mbuzi, ambayo watu wa Kigali huiita burusheti, hupanda kutoka majikoni na kuingia dirishani bila kubisha hodi. Askari aliyezoea kula sahani ya maharage, viazi na nyama, naye sasa amelala chali akiletewa bakuli la kitu cheupe kisicho na harufu, hana budi kuhisi kwamba ameadhibiwa. Hapo ndipo vurugu huanza. Mgonjwa hukataa chakula, au humtuma mtoto kwa siri akamnunulie kijiti kimoja cha nyama.

Jamaa nao aghalabu hukosea kwa mojawapo ya njia mbili. Wengine, kwa furaha ya kumwona mtu wao amerudi hai, humwandalia karamu siku ileile: maharage, isombe, mahindi ya kuchoma, nyama ya kuvutana nayo kwa meno. Utumbo ulioshonwa karibuni huwa umevimba na njia yake ni nyembamba. Makapi magumu yakifika pale yaweza kukwama, na mgonjwa akarudishwa hospitali akitapika na tumbo limejaa kama ngoma. Wengine huogopa mno. Humpa uji mwembamba wa unga na chai ya rangi kwa mwezi mzima, wakidhani kwamba kilicho chepesi ndicho salama. Kosa hili la pili halina kelele, na kwa hiyo hufanyika zaidi na kulaumiwa kidogo. Mgonjwa hakondi kwa siku moja. Misuli huyeyuka polepole, kidonda hukawia kufunga, na watu husema ni ugonjwa ilhali ni njaa.

Hesabu yake si ngumu. Utumbo haufungwi na uji. Hufungwa na protini, yaani ile sehemu ya chakula ijengayo mwili, iliyomo katika mayai, maziwa, samaki, kuku, nyama na kunde. Waganga wa lishe humwekea mtu aliyetoka kupasuliwa gramu 1.2 hadi 1.5 za protini kwa kila kilo ya mwili wake kila siku. Mwenye kilo 60 basi ahitaji kati ya gramu 72 na 90. Kikombe cha uji mwembamba wa mahindi hakifikishi hata gramu 3. Lakini mayai matatu huleta kama gramu 18, bilauri tatu za ikivuguto, yaani maziwa ya mgando, kama gramu 24, kipande cha samaki cha gramu 100 huleta gramu 20 na zaidi, na kipande kidogo cha kuku hukamilisha kilichobaki. Vyote hivyo vyaweza kupikwa vikawa laini kama uji wenyewe, na vyote vina ladha.

Zamani wauguzi wa wodi ya upasuaji walikuwa na swali moja tu kila asubuhi: je, mgonjwa ametoa upepo? Kama hajautoa, hakuonja kitu hata siku zikipita nne au tano. Tangu miaka ya 1990 desturi hiyo imelegea katika hospitali nyingi duniani, hasa baada ya kazi ya daktari mpasuaji Henrik Kehlet wa Denmark, aliyeonyesha kwamba wagonjwa wanaopunguziwa maumivu vizuri, wakanyanyuliwa kitandani mapema na kulishwa mapema, hupata nafuu haraka kuliko wale wanaolazwa na njaa. Sasa wengi hupewa kinywaji siku ileile au kesho yake, na chakula laini muda mfupi baadaye. Hata hivyo saa ya kuanza huamuliwa na daktari aliyeliona tumbo lenyewe. Nchini Rwanda, ambako jamaa anayemkalia mgonjwa hospitali, yaani umurwaza, ndiye mara nyingi amleteaye chakula katika chombo kutoka nyumbani, haifai kabisa kumtilia mgonjwa kijiko mdomoni kabla ya kumwuliza mwuguzi wa zamu.

Kabla ya kuondoka hospitali, mwenye kumwuguza aulize mambo mawili na ayaandike: ni sehemu gani ya utumbo iliyokatwa, na ni kiasi gani. Jibu lake hubadili sufuria. Utumbo mwembamba wa mtu mzima una urefu wa meta 6 hivi, nao ndio unyonyao nguvu ya chakula. Utumbo mpana una kama meta moja na nusu, na kazi yake kubwa ni kuyarudisha maji mwilini. Aliyekatwa utumbo mpana yaelekea atapata choo chepesi kwa muda, naye hupoteza maji na chumvi. Aliyekatwa ncha ya mwisho ya utumbo mwembamba aweza kusumbuliwa na mafuta, na baadaye akahitaji sindano za vitamini B12, kwa kuwa hapo ndipo vitamini hiyo inyonywapo. Mwanajeshi aliyetibiwa Kanombe na raia aliyetibiwa CHUK wote wana haki ya kuelezwa habari hizo kwa lugha wanayoielewa.

Sasa ni zamu ya sufuria. Chakula cha kwanza kinachofaa kutajwa hakikuzaliwa Kigali bali Kilimanjaro, nacho ni mtori. Wachaga humpikia mzazi ili arudishiwe nguvu, na hakuna sababu ya kumnyima askari aliyepasuliwa. Ndizi zake za kupika zimejaa katika kila soko la Kigali, na Mnyarwanda ataona ni ndugu wa agatogo yake, ila huyu amepondwa. Huchukuliwa robo kilo ya nyama ya ng'ombe isiyo na mafuta wala mishipa, ikakatwa vipande vidogo na kuchemshwa pamoja na kitunguu kizima, kipande cha tangawizi na chumvi kidogo, katika vikombe vitano au sita vya maji. Moto uwe mdogo. Wapishi waliohamia kutoka pwani wakumbuke kwamba Kigali iko kama meta 1,500 juu ya usawa wa bahari, na maji huchemka hapo kwenye joto la nyuzi 95 hivi badala ya 100. Nyama iliyolainika Dar es Salaam kwa saa moja na nusu, hapa yataka muda zaidi. Ikishaachana yenyewe kwa ncha ya uma, hutolewa ikatwangwa katika kinu kidogo hadi iwe kama unga mbichi. Kitunguu na tangawizi hutupwa, kwa kuwa vimekwisha kuacha ladha yao. Ndizi nne zilizomenywa huchemshwa katika supu ileile hadi ziive sana, zikapondwa kwa mwiko, nyama ikarudishwa, na kijiko kimoja cha siagi kikatiwa mwishoni. Mtori mzuri hudondoka kutoka kijikoni kwa uzito, haumiminiki kama maji wala hausimami kama ugali. Uliwe ungali moto, siyo kiporo cha jana. Ndizi hizo pia husaidia choo chepesi kushikamana.

Yai ni rafiki mkubwa wa tumbo lililoshonwa, nalo halihitaji kuliwa likiwa limechemshwa kavu. Mayai mawili hupigwa pamoja na nusu kikombe cha supu ya kuku iliyopoa, yakachujwa kwa kichujio cha chai, yakatiwa katika bakuli na kufunikwa. Bakuli huwekwa ndani ya sufuria yenye maji yanayofikia nusu ya kimo chake, nayo yachemke kwa upole kwa muda wa robo saa au zaidi kidogo. Yai hushikana likatetemeka kama maziwa ya mgando, na ladha yake ni ya kuku. Hata mgonjwa aliyekataa kila kitu hujikuta amelimaliza. Baada ya juma moja au mawili aweza kupewa umureti, yaani kimanda kile ambacho vijana wa Kigali hukila pamoja na viazi vya kukaanga, ila kwake mafuta yawe kidogo, nyanya iwe imemenywa na kutolewa mbegu, na viazi hivyo vya kukaanga vibaki kwa vijana.

Samaki anayefaa ni sato, kwa kuwa nyama yake huachana bila kutafunwa sana. Kipande hupakwa chumvi na maji ya limau, kikafungwa katika jani la mgomba lililopitishwa motoni ili lilegee, kisha kikapikwa kwa mvuke. Mpishi akague kila unyuzi kwa vidole vyake mwenyewe, siyo kwa macho, maana mwiba mdogo hujificha. Sambaza wa Ziwa Kivu, ambao asili yao ni Ziwa Tanganyika walikochukuliwa mwishoni mwa miaka ya 1950, ni chakula chenye nguvu, lakini wakikaangwa mpaka wakauka pamoja na vichwa vyao huwa wakavu kama vijiti. Wangojee hadi mwezi wa pili.

Kuhusu viazi, vile vya Kinigi chini ya milima ya volkano huvurugika vizuri vikichemshwa. Humenywa, huchemshwa, hupondwa vikiwa moto na kulainishwa kwa maziwa na yai moja lililopigwa, sufuria ikarudishwa motoni dakika chache ili yai liive. Boga nalo, igihaza cha Mnyarwanda, likichemshwa na karoti na kuchujwa hutoa supu tamu ya rangi ya dhahabu. Mchele wapasa kuiva mpaka uwe bokoboko: kikombe kimoja kwa vikombe vinane vya supu, moto mdogo, zaidi ya saa moja. Wali mkavu wa kuhesabika punje kwa punje, ambao kwa siku nyingine ndiyo sifa ya mpishi, kwa mgonjwa huyu si sifa.

Igikoma, uji wa unga uliochanganywa mtama, soya na mahindi, ni bora kuliko uji wa mahindi peke yake kwa sababu ya soya. Unga wake lakini una pumba. Kwa majuma ya mwanzo upitishwe katika chekeche laini, upikwe muda mrefu, na ukiepuliwa utiwe maziwa.

Maziwa yenyewe yataka busara. Katika nchi ambayo mgeni hukaribishwa kwa maziwa na ambayo mji wake mkuu umejaa vibanda vya kuyauza, si rahisi kumwambia mtu ayaogope, wala haifai. Lakini utumbo mwembamba uliojeruhiwa aghalabu hushindwa kwa muda kuisaga sukari iliyomo katika maziwa mabichi, na mgonjwa huona gesi, msokoto na kuhara. Ikivuguto sehemu ya sukari hiyo imekwisha kuliwa na chachu, na wengi huivumilia vizuri. Ianzwe kwa nusu bilauri, ya maziwa yaliyochemshwa kabla ya kugandishwa. Ikikaa vyema, iongezwe.

Ladha ni jambo ambalo wapishi wengi hulisahau, wakadhani kwamba chakula cha mgonjwa ni lazima kiwe baridi kama dawa. Kuna sababu nyingine ya kulikumbuka. Wengi waliopasuliwa utumbo huwa wanameza metronidazoli, na dawa hiyo huacha kinywani ladha ya chuma. Mgonjwa husema nyama ina kutu, na mke huumia moyoni akidhani kwamba upishi wake umetukanwa. Dawa ikimalizika ladha hiyo huondoka. Kwa sasa asaidiwe kwa limau, kwa tangawizi iliyochemshwa na kutolewa, kwa jani la giligilani lililozamishwa supuni na kuondolewa, na kwa kijiko cha mti au cha plastiki badala ya kile cha chuma. Chupa ya Akabanga, ile pilipili ya matone ambayo Wanyarwanda wengi hawaketi mezani bila hiyo, ifichwe kabatini kwa muda, na wengine nyumbani wakubali kuitumia jikoni mgonjwa asione. Pombe nayo, iwe urwagwa au bia ya chupa, haichanganyiki na metronidazoli hata kidogo.

Vya kuweka kando ni vingi, na inatosha kuvitaja: mahindi ya kuchoma, karanga, nanasi, maembe yenye nyuzi, machungwa yanayoliwa na ngozi zake za ndani, uyoga, kabichi mbichi, isombe, majani ya dodo yasiyochujwa, matunda yenye mbegu kama ibinyomoro na marakuja, nyama ya kuchoma, soda. Maji ya marakuja yaliyochujwa hayana ubaya. Papai lililoiva, ndizi mbivu na parachichi lililopondwa huruhusiwa mapema kwa wengi. Na jamaa waliokuja na dawa za majani, umuravumba au nyingineyo, washukuriwe kwa upendo wao, lakini dawa hizo zisinywewe, na zaidi ya hayo zisitiwe kwa njia ya nyuma, kwenye utumbo ulioshonwa. Hapo si pa kumstahi mtu.

Milo iwe midogo, mara sita kwa siku, badala ya sahani mbili kubwa. Mgonjwa aketi wima, atafune hata kile kinachoonekana hakina cha kutafunwa, na anywe zaidi kati ya mlo na mlo kuliko wakati wa kula. Baada ya kula atembee kidogo uani, kwa kuwa utumbo hupenda mwenye kutembea. Choo kikiwa chepesi mara nyingi kwa siku, maji matupu hayatoshi. Atengenezewe lita moja ya maji safi yenye vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa, au anywe ile ya pakiti itolewayo zahanati.

Sasa maharage. Pengine hakuna nyumba ya Rwanda ambayo neno hili halitaulizwa kabla ya juma la kwanza kwisha, kwani ibishyimbo ni chakula cha kila siku, mchana na usiku, kwa tajiri na kwa maskini. Mtu aliyekatazwa maharage hujiona kama ametengwa na sufuria ya nyumbani kwake. Asikatazwe milele. Kinachosumbua ni ganda zaidi kuliko nyama ya ndani, tena ni gesi. Kwa wengi, kama hakuna tatizo na daktari ameridhia, yaweza kurudi baada ya juma la nne au la sita, nayo yarudi kwa adabu. Yalowekwe usiku kucha, maji yale yamwagwe, yachemshwe kwa maji mapya hadi yapondeke kati ya vidole viwili, jambo ambalo Kigali huchukua saa mbili tatu kwa sababu ya ule mwinuko uliotajwa. Kisha yasuguliwe juu ya chekeche kwa mgongo wa kijiko. Nyama yake hupita ikawa rojo laini, na maganda hubaki juu yakatupwa. Rojo hiyo ikaangwe kwa kijiko cha mafuta na kitunguu kilichosagwa. Siku ya kwanza mgonjwa apewe vijiko viwili, na zipite siku mbili mtu akiangalia. Tumbo likinyamaza, viwe vinne. Hivyo ndivyo chakula chochote kilichokatazwa hurudi: kimoja kimoja, kidogo kidogo, siyo vitatu kwa siku moja, maana vikileta udhia haitajulikana mwenye kosa ni nani.

Yupo pia mgonjwa aliyetoka hospitali na tundu tumboni lenye mfuko, ambamo choo hupitia kwa muda au kwa maisha. Chakula chake kwa majuma ya mwanzo ni hiki hiki. Tahadhari zaidi iwe kwa yule ambaye tundu lake limetoka kwenye utumbo mwembamba, kwa kuwa yeye hupoteza maji na chumvi upesi, na vitu vya nyuzi na maganda, hasa mahindi, karanga na uyoga, huziba tundu lake kwa urahisi. Mfuko ukijaa maji mara kwa mara kuliko ilivyozoeleka, aende kwa daktari siku hiyohiyo. Nyumbani pasiwe na mtu wa kumcheka wala wa kuziba pua mezani. Wengi wa wagonjwa hawa huacha kula kwa aibu, siyo kwa maumivu.

Zipo dalili ambazo hakuna chakula cha kuzitibu, na mpishi azijue kama ajuavyo harufu ya sufuria inayoungua. Homa na kutetemeka, maumivu yanayozidi badala ya kupungua, tumbo kuvimba na kuwa gumu, kutapika mfululizo, kutotoa choo wala upepo kwa siku nzima pamoja na msokoto, moyo kwenda mbio, kidonda kutoa usaha au maji machafu, damu katika choo: yoyote kati ya hizo ikionekana, sufuria iepuliwe na gari litafutwe. Mshono wa ndani ukiachia, mara nyingi huwa ni katika siku kumi za mwanzo, wakati ambapo wengine wamekwisha kuruhusiwa kwenda nyumbani. Kungoja asubuhi kumewaponza wengi. Mgonjwa wa namna hiyo asipewe chochote kwa mdomo njiani, hata uji.

Mwezi wa pili ukiisha, wengi huwa wamekaribia sahani yao ya zamani, na askari huanza kuwaza kurudi kazini. Huko ndiko kwenye jaribio la mwisho. Chakula cha kambini ni kawunga na maharage, hupikwa kwa mamia ya watu, na askari huzoezwa kula upesi kama anayefukuzwa. Aliyepasuliwa utumbo apeleke kwa mkuu wake cheti cha daktari kinachotaja chakula, siyo kazi nyepesi tu. Kwa majuma ya kwanza abebe chombo chake kutoka nyumbani, chenye mtori mzito au viazi vilivyopondwa na yai, na ndizi mbivu mbili mfukoni kwa saa nne. Chombo cha kutunza joto huuzwa katika soko la Kimironko na mengineyo, nacho kikisuuzwa kwa maji yanayochemka kabla ya kujazwa, mtori huufikia mchana ungali moto. Wenzake mezani watamtania kwa kula chakula cha mzazi. Watakapoonja, ni heri chombo kiwe kikubwa.